Torsheni katika ulimwengu wa polinomia: yasemwayo na yaliyo kweli

"Nukta ya torsheni ni ile ukiijumlisha yenyewe mara kadhaa unafika sifuri."

Kwa kurva elipti, yaani kurva ambazo nukta zake hujumlishika zikatoa nukta nyingine, sawa. Balaa huanza mtu anapoibeba maana hiyo nzimanzima hadi kwenye moduli za Drinfeld, yaani kanuni zinazoipa kila polinomia namna ya kuigeuza x, zilizoletwa na Vladimir Drinfeld mwaka 1974. Huko tunahesabu kwa polinomia na sehemu zake, na vizidishi vyake vinatoka katika mfumo wa namba chache, tuseme 0 na 1 tu, ambamo 1 + 1 = 0. Chochote ukikijumlisha na chenyewe kinafutika, hivyo maana ile haichuji kitu. Kazi ya namba kamili inachukuliwa na polinomia: nukta ni ya torsheni ikiwa polinomia fulani isiyo 0 huigeuza kuwa 0, yaani huifuta.

Chukua moduli ya Carlitz, iliyomtangulia Drinfeld kwa miongo kadhaa. Ndani yake T huigeuza x kuwa Tx + x². Ipe T yenyewe: T² + T² = 0. Basi T ni nukta ya torsheni. Na 1 je? Polinomia T + 1 huigeuza kuwa (T + 1) + 1, yaani T, ambayo tumeshaona inafutwa na T. Kumbe 1 nayo ni ya torsheni, hufutwa na T² + T! Ongeza 0 na T + 1, zinatimia nne; kati ya sehemu zote za polinomia hizo, ya tano hakuna.

"Kurva modula ni kurva kama nyingine tu."

Ni orodha. Kila nukta yake, ukiacha chache za ukingoni, ni kurva elipti nzima pamoja na nukta yake ya torsheni. X₁(11) ina nukta 5 tu za sehemu za namba kamili, zote za ukingoni. Ndiyo maana hakuna kurva elipti ya namba hizo yenye nukta ya daraja 11, yaani inayofika sifuri kwanza ikijumlishwa mara 11.

"Upande wa polinomia mambo huwa mepesi."

Mara nyingi, naam. Kwa torsheni, la. Mwanahisabati Barry Mazur alimaliza kurva elipti za sehemu za namba kamili mwaka 1977: nukta zao za torsheni huunda moja ya makundi 15, basi. Kwa moduli za Drinfeld, Bjorn Poonen mwaka 1997 alithibitisha kikomo cha idadi ya nukta za torsheni kwa zile za cheo cha 1, kama ya Carlitz. Cheo cha 2 ni kigumu zaidi, kwani hoja za Mazur hazihamishiki hivihivi. Mwaka 2010 Ambrus Pál alifanikiwa pale vizidishi vinapokuwa 0 na 1 tu: kwa polinomia tasa ya digrii 3 au zaidi, Y₀, kurva modula ya moduli hizo bila nukta za ukingoni, haina nukta hata moja ya sehemu za polinomia.