Si kila ua ni taashira

Taashira ni kitu kinachoonekana kilichobebeshwa wazo lisiloonekana. Basi. Tabu inaanza pale neno hilo linapomwagiwa kila kilichomo katika picha za mapenzi za enzi ya Baroko, mtindo wa sanaa ya Ulaya wa karne ya 17: ua taashira, jiwe taashira, maji taashira.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno symbolon, lililotokana na kitenzi chenye maana ya kukutanisha vitu viwili. Mwenyeji na mgeni wake walivunja kigae au kipande cha mfupa, kila mmoja akabaki na nusu yake. Miaka ikapita, hata mtoto wa yule mgeni akija na nusu ya baba yake, nayo ikaoana na ile iliyotunzwa nyumbani, alipokewa kama mwenyewe. Nusu moja peke yake ni kigae tu. Ndiyo maana taashira haitoshi kuonekana. Lazima iwepo nusu ya pili ambayo mchoraji na mtazamaji wote wanaijua.

Tazama picha ya Nicolas Poussin, Mfaransa aliyeishi Roma, aliyoichora karibu na mwaka 1630 na sasa imo Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Narcissus, kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeipenda sura yake mwenyewe majini hadi akafa, amelala maiti kando ya maji. Nyuma yake Echo, aliyempenda bila kupendwa na ambaye jina lake ni mwangwi wenyewe, ameegemea jabali, rangi imemfifia. Pembeni amesimama Cupid, mungu wa mapenzi mwenye umbo la mtoto, na mwenge unaowaka.

Yale maua karibu na kichwa cha Narcissus nimeyasikia mara nyingi yakiitwa taashira ya usafi wa moyo. Sivyo. Katika simulizi ya Ovid, mshairi wa Kirumi, dada zake waliandaa kuni na mienge ya mazishi, lakini mwili hawakuukuta. Walikuta ua lenye kiini cha manjano na petali nyeupe. Ua ni yeye. Na Echo naye huzuni ilimkausha hadi mifupa ikawa jiwe, ikabaki sauti. Hayo ni matukio, na ukiyageuza mawazo tu unawapokonya wawili hao msiba wao.

Mwenge ndio wenye nusu ya pili. Warumi waliwasha mienge harusini, wakaiwasha mazikoni pia, na Cupid anaushika huu mmoja mbele ya maiti.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaofundisha: katika picha hii neno taashira liwekeni kwenye mwenge, na maua waacheni wanafunzi wayaone kuwa ni Narcissus.