Piloti ya tachipedi: ni nini, na si nini

Kwa mara ya tatu ndani ya muda mfupi nimemsikia mtu hapa Bukavu akisema kwamba "piloti ya tachipedi imekufa", yaani programu inayokiendesha kile kibao cha kompyuta ya mapajani tunachokigusa kwa kidole ili mshale utembee, na kwa mara ya tatu piloti ilikuwa hai. Safari hii alikuwa mwanafunzi mwenye kazi ya mwisho wa masomo ya kukabidhi, ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa na fundi mmoja wa Kadutu kwamba dawa ni kufomati mashini nzima, yaani kufuta kila kilichomo na kuweka Windows upya, kwa dola 15. Nilipoigeuza kompyuta yake ubavuni nilikuta, ndani ya tundu la USB, kipokezi cha kipanya kisichotumia waya, kidogo kama ukucha, ambacho alikuwa amekisahau tangu kipanya chenyewe kilipopotea. Nilikichomoa, akaweka kidole, na mshale ukamfuata. Windows ina mpangilio unaoamuru tachipedi izimike kila kipanya kinapochomekwa, na kipokezi kile kilikuwa kikijitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kipanya hata kama kipanya hakipo. Kwa hiyo piloti haikuwa na kosa lolote, na kazi ya miezi kadhaa ilikuwa karibu kufutwa kwa sababu ya neno lililotumiwa ovyo.

Piloti, katika kompyuta, ni programu inayouwezesha mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, kuwasiliana na kifaa cha aina moja mahususi. Tachipedi huhisi mabadiliko madogo sana ya umeme pale kidole kinapoigusa, na chipu yake hutoa namba zinazoeleza kidole kiko wapi. Piloti huzipokea namba hizo na kuuelewesha mfumo kwamba huu ni mwendo wa kidole kimoja, ule ni wa vidole viwili vinavyoteremsha ukurasa. Maana yake ni hiyo tu, na ningeishia hapo kama neno lenyewe lisingekuwa linatupotosha.

Sisi wa upande huu wa Kongo tunasema piloti kwa sababu kompyuta zetu nyingi zina Windows ya Kifaransa, na kwenye skrini imeandikwa "pilote". Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaosoma skrini za Kiingereza husema draiva, na wanaotafuta neno la Kiswahili huandika kiendeshaji au kiendeshi, ingawa hilo la pili wengine hulitumia pia kwa diski. Waingereza walichagua neno lao la mwendeshaji, lile lile lililotuzalia dereva, na hapo ndipo picha mbaya ilipoingia vichwani mwetu. Mtu akimfikiria dereva, au shofere kama tunavyosema hapa, anafikiria gari: lisipotembea tunamtafuta shofere, na shofere asipokuwepo hakuna safari. Mshale usipotembea basi tunasema shofere amekufa. (Shofere naye, kwa asili yake ya Kifaransa, ni mtu wa kupasha moto, jina lililobaki kutoka enzi za mitambo ya mvuke.)

Neno la Kifaransa ni bora kuliko la Kiingereza, ila tumelisahau lilikotoka. Wafaransa walilipata kwa Waitaliano, pilota, na wachunguzi wa asili ya maneno hulifikisha hadi kwenye neno la Kigiriki la kasia la kuelekezea chombo. Kwa karne nyingi kabla ya ndege kuwepo, pilote alikuwa mtu wa majini, na mpaka leo bandarini ndiye yule anayepanda meli ya wageni inapokaribia nchi kavu. Kiswahili kina neno la undugu huo huo, rubani, lililotoka katika Kiarabu na ambalo nalo lilikuwa la vyombo vya majini kabla ya kupandishwa angani. Meli zinazoingia mto Kongo pale Banana zikielekea Matadi huchukua rubani, kwa kuwa mafungu ya mchanga chini ya mto huhamahama na nahodha aliyetoka mbali hawezi kuyajua. Rubani huyo hamiliki meli, hajaipangia safari, wala hana amri juu ya mzigo. Kinachompandisha melini ni ujuzi wa mahali pamoja. Mpeleke Mombasa, naye atakuwa mgeni kama nahodha.

Hivyo ndivyo piloti ilivyo. Mfumo endeshi ndio nahodha, na piloti ni rubani anayejua mlango mmoja tu, wa tachipedi ya aina fulani iliyounganishwa kwa njia fulani. Nahodha akiamua kutoingia bandarini, rubani hakufa, hakuitwa. Tachipedi iliyozimwa kwenye mipangilio ni bandari ambayo nahodha ameamua kutoingia.

Kuna njia nyingi za kuizima bila kujua, na nyingi hutokea kwa kidole kilichoteleza. Kompyuta nyingi za mapajani zina kitufe kwenye safu ya juu, chenye mchoro mdogo wa tachipedi iliyopigwa mstari, ambacho peke yake au pamoja na kitufe cha Fn huiwasha na kuizima. Katika baadhi ya HP za zamani, kugonga mara mbili kwenye kona ya juu kushoto ya tachipedi kunatosha, na kitaa kidogo cha rangi ya machungwa huwaka pale pale kuonyesha kwamba imezimwa. Nimewaona watu wakikitazama kitaa hicho wiki nzima wakidhani ni alama ya kuharibika.

Anayetaka kujua kweli kama piloti inahusika hana haja ya kubahatisha. Afungue kwa kipanya cha kawaida ukurasa ambao Windows ya Kifaransa inauita "Gestionnaire de périphériques", yaani orodha ya vifaa vyote vya kompyuta, aitafute tachipedi yake, kisha asome hali yake na namba ya kosa iliyoandikwa hapo. Namba 22 inasema kwamba kifaa kimezimwa na mtu. Namba 28 inasema kwamba piloti haijawekwa. Namba 10 inasema kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, na hapo ndipo uchunguzi wenyewe unapoanzia, kwa sababu kosa linaweza kuwa la piloti au la kifaa chenyewe. Njia nyingine ninayoiamini ni kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kuiweka ndani ya diski: tachipedi ikifanya kazi huko, vyuma vyake ni vizima na kosa litafutwe upande wa Windows.

Zipo siku ambazo piloti ndiyo yenye kosa, na siku hizo ishara huwa tofauti na zile watu wanazozisimulia. Kompyuta imetoka kuwekewa Windows upya, mshale unatembea vizuri, lakini vidole viwili haviteremshi ukurasa na mipangilio ya tachipedi haionekani popote. Hapo Windows imeipa tachipedi piloti ya kipanya cha kawaida, rubani anayejua njia kuu bila vichochoro, na anachohitaji mwenye kompyuta ni piloti ya Synaptics au ya ELAN, kampuni zinazotengeneza tachipedi, kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta yake, kwa jina kamili la modeli. Kwa kompyuta zilizotengenezwa kufuata utaratibu ambao Microsoft ilianza nao katika Windows 8.1, mwaka 2013, mara nyingi piloti ya tachipedi yenyewe imo ndani ya Windows tayari, na zile programu zinazoahidi kupakua piloti zote kwa mkupuo huongeza matatizo yasiyokuwepo.

Mshale unaorukaruka wakati wa kuchaji peke yake nao husingiziwa piloti. Chaja isiyo na waya wa ardhi, au umeme wa jenereta usiotulia, huvuruga vile vipimo vidogo vya umeme. Chomoa chaja, na mshale ukitulia, hakuna piloti yoyote itakayotibu jambo hilo. Na tachipedi iliyoinuka au iliyokuwa ngumu kubonyeza yaweza kuwa inasukumwa na betri iliyovimba chini yake, jambo la hatari linalotaka kompyuta izimwe mara moja.

Kinachofanya kosa hili lidumu ni kwamba kufomati mara nyingi "huponya". Windows mpya huja na mipangilio yake ya mwanzo, na katika mipangilio hiyo tachipedi imewashwa, hata kipanya kikichomekwa. Mteja anaona mshale unatembea, fundi anasema piloti imefufuka, na wote wawili wanaondoka na imani ile ile.

Nawaomba mafundi na wateja wao jambo dogo. Mnapoleta au kupokea mashini, semeni kile mlichokiona: tachipedi haijibu tangu jana jioni, au inajibu lakini haiteremshi ukurasa, au inaruka ikiwa kwenye chaja. Neno piloti liwekeni akiba mpaka ile namba ya hali isomwe kwenye skrini.