Nani atamsemea mpumbavu?

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa falsafa ya dini zoezi moja: andika kurasa mbili ukitetea msimamo usio wako. Anayemwamini Mungu amtetee asiyeamini, na asiyeamini amtetee muumini. Muhula uliopita karatasi ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya binti mmoja mwimbaji wa kwaya. Mwandiko safi, hakuna kosa la tahajia. Sentensi ya kwanza: "Mtu asiyemwamini Mungu humkana kwa sababu anataka kuishi apendavyo bila kuulizwa." Nyingine, chini kidogo ya rundo, ilikuwa ya kijana ambaye darasa zima linajua kwamba aliacha dini tangu yuko kidato cha tano. Yeye alianza hivi: "Watu huamini kwa sababu wanaogopa kufa."

Nilizilaza mezani ubavu kwa ubavu, nikaona ni karatasi moja. Wote wawili waliombwa hoja, wakaleta ugonjwa. Kila mmoja alimweleza mwenzake kama daktari anavyomweleza mgonjwa ambaye hayupo chumbani: anaumwa nini, kaupata wapi. Anachosema mgonjwa mwenyewe hakikuandikwa popote.

Nimefundisha somo hili miaka mingi, na nikiulizwa mtu aliyefunga akili katika mambo ya dini ni yupi, nawataja hawa wawili kabla ya kumtaja mtu wa siasa kali. Mazungumzoni tunachanganya mambo. Tunadhani aliyefunga akili ni yule mwenye imani thabiti, na aliyeifungua ni yule anayeyumba. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kukosa swala ya alfajiri kwa kipindi chote nilichokaa kwake Tanga, na imani yake haikutikisika hata siku moja. Lakini jirani yetu Mkristo alipomwuliza kwa uchungu kwa nini Mungu alimchukua mwanawe mchanga, bibi hakumpa jibu la haraka. Alimwambia, "Hilo swali ni kubwa, mwanangu, na mimi nimelala nalo mara nyingi." Msimamo thabiti na akili iliyofungwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mwanafalsafa wa Marekani Heather Battaly ameandika kwa makini juu ya kasoro hii. Kwa maelezo yake, kufunga akili ni kutotaka, au kutoweza, kushughulika kwa dhati na mawazo mengine yanayohusika na jambo lenyewe. Ninalipenda neno "kutoweza", kwa sababu linawasamehe wengi: mtu aliyezaliwa mahali ambapo hajawahi kumsikia mwenye mawazo tofauti hana kosa la moyo. Na neno "yanayohusika" linatuondolea mzigo, maana hakuna aliye na muda wa kuchunguza kila uzushi unaosambazwa kwenye simu. Ila uzito wote uko kwenye "kwa dhati". Unaweza kumsikiliza mtu saa nzima, ukatikisa kichwa kwa adabu, na usishughulike naye hata kidogo.

Zaburi ya 14 huanza kwa kumtaja mpumbavu anayesema moyoni mwake kwamba hakuna Mungu. Karibu mwaka 1078, katika monasteri ya Bec huko Normandy, mtawa aitwaye Anselm alimchukua mpumbavu huyo akajenga juu yake hoja inayosumbua vichwa mpaka leo. Kwa kifupi inakwenda hivi. Mungu ni kile ambacho huwezi kufikiria kingine kikubwa zaidi yake. Hata mpumbavu akisikia maneno hayo anayaelewa, basi kitu hicho kimo akilini mwake. Kama kingekuwa akilini tu, ungeweza kufikiria kikubwa kuliko hicho, yaani kilicho akilini na kilichopo kweli. Kumbe kisingekuwa tena kile tulichokitaja. Kwa hiyo lazima kiwepo.

Mtawa mwingine, Gaunilo wa Marmoutier, karibu na mji wa Tours, aliisoma hoja hiyo. Naye alikuwa muumini, mtu wa sala na saumu kama Anselm. Hakuwa na shaka yoyote kwamba Mungu yupo. Lakini aliona kwamba mpumbavu ameshindwa kwa hila, akachukua kalamu akaandika kwa niaba yake. Alisema: watu husimulia habari za kisiwa kilichopotea baharini, chenye utajiri kupita nchi zote. Nikisimuliwa naelewa vizuri. Sasa mtu akiniambia kwamba kisiwa hicho lazima kiwepo, kwa kuwa ni bora kuliko nchi zote na kuwepo ni bora kuliko kutokuwepo, sitajua mpumbavu zaidi ni nani: ni yeye, au ni mimi nikimkubalia.

Fikiria hilo kwa nafasi. Mtawa wa karne ya 11 anamwazima sauti mtu ambaye Maandiko yenyewe yamemwita mpumbavu, kwa sababu tu hoja iliyotumiwa dhidi yake haikumtosha. Na Anselm? Alijibu kwamba anayemsemea mpumbavu si mpumbavu bali ni Mkatoliki, basi yeye atamjibu huyo Mkatoliki. Akaandika jibu lake, kisha akaagiza kwamba kuanzia hapo kitabu chake kinaponakiliwa, pingamizi la Gaunilo linakiliwe pamoja nacho, likifuatiwa na jibu. Kunakili enzi hizo ni kazi ya mkono, na ngozi ya kuandikia ni mali. Aligharimia sauti ya mpinzani wake isipotee. Wanafunzi wakiniuliza akili iliyo wazi inafananaje, huwaonyesha agizo hilo. Anselm hakubadili msimamo hata nukta moja.

Upande wetu Waislamu tunaye Imamu Ghazali, mwanazuoni wa enzi zilezile za Anselm, ambaye kazi zake zimesomwa sana katika madarasa ya pwani yetu. Wengi wanajua aliwapinga wanafalsafa. Wasichokijua ni jinsi alivyojiandaa. Akiwa Baghdad, huku akifundisha wanafunzi 300, alitumia saa zake za ziada kwa muda unaokaribia miaka miwili kuzisoma kazi zao peke yake, kisha karibu mwaka mwingine akiyatafakari aliyoyasoma. Alisema kwamba kulikataa fundisho kabla ya kulielewa ni sawa na kurusha mshale gizani. Na alipoandika kuwapinga Batiniya, madhehebu yaliyodai kwamba Kurani ina maana ya ndani iliyofichika, alizipanga hoja zao vizuri mno hata baadhi ya wenzake wakamlaumu: hii ni kazi unayowafanyia wao! Hawakuwa na hoja nzuri namna hiyo mpaka ulipowatengenezea! Yeye akawajibu kwamba lawama hiyo ingekuwa ya haki kama fikra zenyewe hazijaenea. Zikishaenea, kuzijibu ni lazima, na huwezi kujibu usichokieleza kwanza.

Sitaficha upande wa pili. Ghazali huyohuyo, katika masuala 20 aliyobishana na wanafalsafa, alihukumu kwamba katika matatu wametoka katika Uislamu: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui mambo madogo madogo moja moja, na kwamba miili haitafufuliwa. Hapo mlango unafungwa kwa kishindo, na mimi kama Mwislamu na mwalimu wa falsafa hilo hunisumbua. Mtu mmoja anaweza kumsikiliza mpinzani wake kuliko wote waliomtangulia, halafu akamtoa nje ya nyumba. Mara ngapi tumewaona wazee wetu wakifanya yote mawili?

Kujua kitabu cha mwenzako nako si dhamana. Utotoni baba alinipeleka mara kadhaa kwenye mihadhara ya kulinganisha dini, uwanjani, baada ya swala ya alasiri. Nakumbuka Biblia ya mhadhiri ilivyokuwa: nene, jalada limechakaa, na vipande vya karatasi za rangi vimechomoza pembeni kama manyoya. Alikuwa na msomaji wake. Akitaja tu sura na mstari, kijana anafungua papo hapo, "Soma!", kijana anasoma kwenye kipaza sauti, uwanja unaitikia takbira. Wahubiri wa Kikristo nao baadaye walikuja na Kurani zenye vikaratasi vyao. Jioni moja mzee mmoja Mkristo, muuza mihogo pale mtaani, alinyoosha mkono akapewa kipaza sauti. Alianza kueleza aya iliyosomwa ilivyo na maneno kabla yake na baada yake. Akakatizwa: "Mzee wangu, tujibu ndiyo au hapana." Akasema si swali la ndiyo au hapana. "Ndiyo au hapana, mzee!" Watu wakacheka. Alirudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, taratibu, akaondoka akipitia nyuma ya umati. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, na leo bado naona mikono ile.

Mhadhiri yule aliijua Biblia kuliko Wakristo wengi uwanjani. Lakini kila ukurasa aliufungua akitafuta silaha, na aliyetafuta silaha hakuona kingine.

Wasioamini nao wana viwanja vyao. Antony Flew, Mwingereza, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, alikuwa kwa nusu karne mmoja wa watetezi wakubwa wa kutoamini Mungu katika falsafa. Makala yake ya mwaka 1950, kuhusu kauli za dini ambazo hazikubali ushahidi wowote wa kuzipinga, ninaifundisha mpaka leo kwa sababu ina uzito. Mwaka 2004, akiwa na miaka 81, alitangaza kwamba sasa anakubali kuna Mungu wa aina fulani, anayekaribia wa Aristotle: hajishughulishi na sala zetu wala hatoi maisha ya baada ya kifo. Sababu mojawapo aliyoitaja ni ugumu wa kueleza uhai ulivyoanza. Kesho yake, kana kwamba kuna aliyepuliza filimbi, wengi wa wenzake wa zamani hawakuuliza kama hoja hiyo inasimama. Waliuliza umri wake. Nao waumini wengi walishangilia kama timu yao imesajili mchezaji, bila kujali kwamba Mungu ambaye Flew alimkubali si yule wanayemwomba wao. Kitabu kilichotoka mwaka 2007 kwa jina lake na la mwandishi mwenzake kilizua swali halali kuhusu nani hasa aliandika nini, na swali hilo lilistahili kuulizwa. Lakini kumchunguza mwandishi ni kazi moja na kuipima hoja ni nyingine, na ya kwanza haiwezi kuifanya ya pili.

Kuna na yule anayejitoa kwenye ugomvi kwa kusema dini zote ni moja. Wengi humwona ndiye muungwana wa wote. Mimi namwona amefunga mlango kimyakimya, kwa sababu hajamsikiliza Mkristo anayesema Yesu alisulubiwa wala Mwislamu anayesema hakusulubiwa.

Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu zaidi ya 750,000 waliandikwa kuwa hawana dini. Hapa Tanzania fomu za hospitali na za shule bado zinauliza "dini", na nimemwona karani akimwandikia mtu dini ya baba yake baada ya mhusika kujibu hana. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Kalamu ya karani ilikuwa na haraka zaidi.

Nilimrudishia binti wa kwaya karatasi bila alama, nikamwomba akamtafute mtu asiyeamini, amsikilize, aandike upya. Hakwenda mbali, alikwenda kwa yule kijana. Kijana naye nilimpa kazi hiyohiyo. Sijui walizungumza nini chini ya ule mwembe karibu na maktaba, ila wiki iliyofuata karatasi ya binti ilianza hivi: "Niliomba kwa miaka mitatu mama apone. Simlaumu Mungu kwa kutojibu. Nilifika mahali nikaona kwamba kimya cha Mungu aliyepo na kimya cha asiyekuwepo siwezi kuvitofautisha."

Nilimpa kijana asome, nikamwuliza kama huyo ni yeye. Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akaomba kalamu, akakata "mitatu" akaandika "minne", akanirudishia.