Je, wajua kwa nini cheti cha almasi hakitaji bei?

Kisome cheti cha almasi kuanzia juu hadi chini. Utakuta uzito, rangi, usafi, mkato, vipimo vya jiwe kwa milimita, pengine hata mchoro wa dosari zake. Bei haimo. Haikusahaulika: maabara inayotoa cheti huulizwa swali moja tu, hili ni jiwe la namna gani?

Vipimo vinavyotumika zaidi leo vilienezwa na GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931. Uzito hauna maneno mengi: karati moja ni gramu 0.2. Rangi ndiyo yenye vituko. Ngazi zake huanzia herufi D, jiwe lisilo na rangi kabisa, hadi Z, lenye umanjano au ukahawia wa kuonekana. A, B na C zimekwenda wapi? Wafanyabiashara walikuwa wameshazichakaza, wengine wakijiandikia hata AA, ndipo GIA ikaamua kuanza na herufi ambayo haijachezewa. Mpimaji hulilaza jiwe kifudifudi kando ya mawe ya mfano, chini ya taa maalumu, maana likitazamwa usoni mng'ao wake huficha rangi.

Usafi hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Ngazi ni 11, na jiwe la VS1 na la VS2, ngazi mbili zinazofuatana, ukiyaweka kiganjani hutayatofautisha, ingawa bei zake hutofautiana. Mimi ningeanza na mkato. Jiwe lililokatwa vibaya huvujisha mwanga kwa chini likapooza, hata liwe safi namna gani.

Bei ni kazi ya mthamini, naye huanza kwa kuuliza: ya nini? Ikiwa ni ya bima, huandika gharama ya kupata pete nyingine kama hiyo dukani, pamoja na dhahabu, ufundi na faida ya muuzaji. Ikiwa ni ya kuuza, huandika kile ambacho mnunuzi angetoa leo kwa pete iliyokwisha valiwa, na mara nyingi ni kidogo zaidi. Pete ni ile ile, karatasi mbili, bei mbili, na hakuna aliyedanganya. Anayekwenda kuuza akiwa na karatasi ya bima mkononi humlaumu sonara bure. Na muuzaji akinipa tathmini iliyo mara mbili ya bei yake, nitamuuliza mbona yeye hauzi kwa bei hiyo.

Jambo jingine: jiwe likiwa limeshapachikwa kwenye pete, mthamini hawezi kulipima peke yake kwenye mizani, hukadiria tu kwa vipimo. GIA hupima mawe yaliyo huru. Mengi huandikwa namba ya cheti kwa leza, kwenye ukingo mwembamba unaozunguka jiwe. Omba lenzi, uisome. Ikiwa haifanani na iliyo kwenye cheti, hapo unasoma habari za jiwe jingine.