Erlang na salio lisilogombaniwa

Akaunti ina shilingi 10,000. Maombi mawili ya kutoa 7,000 yanaingia kwa mpigo. La kwanza linasoma salio, linaona pesa zipo. Kabla halijaandika salio jipya, la pili nalo linasoma, linaona zipo. Yote mawili yanalipwa. Niliwahi kukesha siku tatu nikisaka kosa la namna hii, na kila nilipolitega kwenye kompyuta yangu lilijificha kama panya aliyesikia mlango.

Dawa iliyozoeleka ni kufuli: anayetaka kugusa salio afunge kwanza, akimaliza afungue. Lakini katika lugha nyingi za programu kufuli ni adabu tu. Mmoja wenu akisahau kufunga, lugha inanyamaza.

Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, waliokuwa kwenye maabara ya Ericsson nchini Sweden, walianza lugha ya programu ya Erlang mwaka 1986 wakiwaza swichi za simu, ambako simu moja ikiharibika haipaswi kukata za wengine. Wao waliondoa chenyewe kile kinachogombaniwa. Jina likishapewa thamani halibadilishwi: ukiandika X = 5 kisha X = 6, programu inagoma. Kila mchakato, yaani kazi ndogo inayoendeshwa peke yake ndani ya programu, una kumbukumbu yake. Jirani hachungulii, anatuma ujumbe tu. (Upo mlango wa nyuma, majedwali ya ETS, ambayo michakato mingi inaweza kuyachangia. Mgeni usianzie huko.)

Kwa hiyo salio letu linakaa kwa mchakato mmoja. Maombi yanapanga foleni, yanashughulikiwa moja baada ya jingine. La pili linakuta 3,000 na kukataliwa.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza. Wanatuma ujumbe “salio ni ngapi?”, wanapiga hesabu upande wao, kisha wanatuma “andika 3,000”. Basi kosa lile lile limerudi, safari hii bila kumbukumbu yoyote ya kuchangia. Kati ya ujumbe wako wa kwanza na wa pili, mwingine amepenya. Lugha imekukinga usiharibu data, haijakukinga usikosee mpangilio. Ujumbe sahihi ni “toa 7,000”, na uamuzi uachwe kwa mwenye salio.

Michakato hii si nyuzi (threads), kazi nzito zaidi zinazoendeshwa na mfumo endeshi. Mmoja huanza na kilobaiti chache tu, ndiyo maana WhatsApp, wakitumia Erlang, mwaka 2012 walitangaza kuvusha miunganisho milioni 2 kwenye seva moja. Mchakato ukianguka, msimamizi wake, yaani mchakato mwingine unaouangalia, anauanzisha upya ukiwa safi. Hata michakato miwili ikisubiriana, kwa njia ya kawaida ya kuulizana kuna kikomo cha sekunde 5, kisha aliyechoka kusubiri anaanguka. Mkwamo unageuka kuwa kosa linaloonekana kwenye logi.

Haskell, lugha nyingine ya programu, ilipita njia nyingine: kumbukumbu inachangiwa, ila ndani ya miamala (hatua zinazokamilika zote au zisifanyike kabisa) inayorudiwa ikigongana, na mfumo wa aina za data, unaokagua msimbo kabla haujaendeshwa, unakuzuia kuigusa nje ya muamala. Ukaguzi huo naukosa sana Erlang. Unaweza kumtumia mchakato ujumbe asioujua, na kama msimbo wake huchagua ujumbe wa kupokea, huo utabaki kwenye kisanduku chake cha ujumbe, na wenzake watajazana juu yake. Seva yangu ikianza kunenepa usiku, kisanduku ndicho ninachokifungua kwanza.