Tafsiri sisisi ni nini, na kwa nini maneno ya kila siku ndo yanatushinda

Tafsiri sisisi ni ile tafsiri inayoganda kwenye maneno yenyewe. Unachukua neno la Kiingereza unaliwekea neno la Kiswahili, au la Kifaransa au lugha yoyote ile, unapanga kidogo sarufi ikae sawa, basi umemaliza. Waliosoma Kiswahili kidato cha sita walikutana nayo kwenye mada ya tafsiri na ukalimani, pamoja na tafsiri ya mawasiliano, ile inayojali msomaji wako ataelewa nini na atajisikiaje. Wengi tulikariri tofauti zake kwa ajili ya mtihani tukaishia hapo. Ila ukitaka kuona tofauti yenyewe ikoje, achana na mashairi na mikataba ya kisheria, angalia vile visentensi vyepesi kabisa ambavyo mtu anavitamka bila hata kufikiria. Hapo ndo pagumu.

Pagumu kwa sababu maneno ya aina hiyo hayapo kwa ajili ya kupeleka habari, yana kazi nyingine. Mwingereza akikwambia "how are you" huku anakupita kwenye korido hana shida ya kujua presha yako iko ngapi, amekusalimia na anaendelea na safari yake. Wachina nao wana salamu ya kuulizana umeshakula, "chī le ma", na ukiulizwa hivyo usianze kusubiri sahani. Na sisi wenyewe je? Mtu anaulizwa habari za nyumbani anajibu "nzuri tu", halafu pumzi hiyo hiyo anaendelea "ila mtoto kalazwa tangu juzi". Ile "nzuri" haikuwa uongo, ilikuwa inajibu salamu, habari zenyewe ndo zikaja baadaye.

Sasa chukua filamu ya Kiingereza, kijana anaingia kwa bibi yake anasema "hi Grandma, how are you". Mfasiri wa sisisi ataandika "hujambo bibi, uko vipi?" na mtazamaji wa Morogoro atashangaa huyu mtoto kalelewa na nani. Kwetu hapo kuna neno moja tu, shikamoo, na bibi ataitikia marahaba, hata kama kwenye filamu amejibu "I'm fine, darling". Hakuna neno hata moja lililolingana na la kule lakini kila kitu kiko mahali pake: umri, heshima, mapenzi. Ndo maana kwenye kutafsiri maneno ya hivi unaanza kujiuliza nani anasema, anamwambia nani, wakati gani, na anategemea ajibiwe nini. Eugene Nida, Mmarekani aliyefanya kazi sana na watafsiri wa Biblia, aliliweka wazo hili kwenye nadharia miaka ya 1960, kwamba kinachotakiwa kulingana ni vile msikilizaji anavyoguswa, na maneno yanafuata. Watu wanambishia mpaka leo hasa kwenye maandiko matakatifu, na wana hoja, maana pale kila neno lina uzito wake. Ila kwenye salamu sijaona wa kumbishia.

Mabango ya barabarani nayo ni darasa zuri. Mwaka 1958 wanaisimu wawili, Jean-Paul Vinay na Jean Darbelnet, walitoa kitabu chao cha kulinganisha Kifaransa na Kiingereza, na wanaanza na safari ya gari kutoka New York kwenda Montreal. Wakifika upande wa Kifaransa, kule Quebec nchini Canada, wanaona bango limeandikwa "Lentement", yaani polepole. Ni Kifaransa, neno liko sahihi, lakini Ufaransa kwenyewe wangeandika "Ralentir", yaani punguza mwendo. Mtu alikuwa ametafsiri "Slow" ya Kiingereza. Na ukiangalia barabara zetu utakuta tuko na Wafaransa kwenye hili, bango linakwambia PUNGUZA MWENDO. Hivyo hivyo ukuta ukipakwa rangi leo asubuhi Mwingereza anaandika kwamba rangi imelowa, sisi tunasema rangi mbichi. Na kwenye mageti ya Nairobi utakuta "Mbwa kali", sarufi imeteguka mguu pale kwa sababu ni mbwa mkali, lakini hakuna mwizi aliyesimama akasahihisha, kazi ya bango imefanyika.

Neno ninalolipenda kuliko yote kwenye mada hii ni pole. Kiingereza kinatumia "sorry" kwa mambo mawili ambayo kwetu ni mbali kabisa: nimekukosea, na nimesikitika kwa yaliyokupata. Sisi ya kwanza ni samahani, ya pili ni pole. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya akiongea Kiingereza anaibeba pole yake yote anaimimina ndani ya "sorry". Mgeni anajikwaa kwenye ngazi, unamwambia "sorry", naye anakujibu kwamba sio kosa lako, na nyote mnabaki mnatazamana. Yeye kasikia unaomba radhi, wewe ulikuwa unampa pole. Na kukaa kimya mtu akijikwaa mbele yako, kwetu hiyo ni roho mbaya.

Halafu pole haiishii kwenye mabaya. Pole na kazi, pole na safari, pole na majukumu, pole na jua. Hizo za "pole na kazi" ukimpelekea Mwingereza neno kwa neno anaweza kudhani unamdharau kazi yake, kwao hilo pengo halina neno, ukimkuta mtu anafanya kazi unasema "hi" unapita. Lakini Wajapani wanalo, "otsukaresama", linagusa uchovu wa mtu na wanaambiana wakitoka kazini, ukiniuliza mimi hilo na pole na kazi ni ndugu kabisa. Na Waarabu wa Ghuba na Shamu (Syria, Lebanon na majirani zao) wana "ya'tik al-afya", Mungu akupe afya, unamwambia fundi, dereva, yeyote uliyemkuta anahangaika na kazi, kwa hiyo ndugu zetu walioko Oman na Dubai wakilisikia wanajua mara moja hapa ningesema pole na kazi. Ila usilibebe mpaka Morocco! Kule "afya" kwenye Kiarabu cha mtaani ni moto, kwa hiyo utakuwa umemwombea mwenzio Mungu ampe moto. Lugha wanaita moja, na hata humo ndani neno kwa neno limegoma.

Kuna upande mwingine pia, ambapo tafsiri sisisi inashinda. Inaingia kwenye lugha inakaa mpaka watu wanasahau ilitoka wapi, wenye taaluma yao wanaita mkopo tafsiri. "Mwisho wa siku" ni mfano mkubwa, kila kocha akihojiwa baada ya mechi na kila mbunge akishika maiki, mwisho wa siku hivi, mwisho wa siku vile, na hakuna anayezungumzia jioni. Ni "at the end of the day" imevaa kanzu. Wapo wanaokasirika, mi hapana, imeshakuwa ya kwetu na inaeleweka. "Jisikie huru kuuliza" nayo naivumilia. Ninayoikataa ni "mkutano utachukua nafasi Jumamosi", kwa sababu kuchukua nafasi tayari kuna maana yake, ni kumrithi mtu au kujaza sehemu, na mkutano hauchukui nafasi ya mtu, mkutano utafanyika. Na "chukua muda wako" hivyo hivyo, wakati tuna "taratibu tu" na "usiwe na haraka" vimekaa bure. Kwa hiyo kipimo changu ni hicho tu: je, imekuja kujaza mahali palipokuwa wazi au imekuja kumfukuza mwenyeji?

Kuomba kitu nako angalia. "Can I have a coffee, please" ukiigeuza inakuwa "naweza kupata kahawa, tafadhali?", na siku hizi unaisikia kwenye hoteli za mjini, mhudumu anaweza kukujibu tu kwamba ndiyo, unaweza. Adabu yote ya sentensi ile kwetu inabebwa na "naomba". "Dada, naomba kahawa." Tafadhali haina haja ya kuwepo, kwa kweli tafadhali ikitamkwa peke yake kwa sauti fulani inakuwa kama mtu anaanza kukasirika. Na yule "dada" sio pambo, Kiingereza kinaweka adabu kwenye "please", sisi tunaiweka kwenye undugu, kaka, mama, mzee wangu, anko.

Simu nayo ina vituko vyake. Wamarekani wanamaliza kuongea na mama zao kwa "love you, bye", kila siku, wala sio tukio. Ukiandika kwenye tafsiri "nakupenda mama, kwaheri" unamfanya mtazamaji adhani huyu kijana anakwenda vitani. Jaribu kumpigia mama kijijini umalizie hivyo ghafla, atakuuliza kama unaumwa au umefukuzwa kazi. Mapenzi yapo, sema kwenye simu yanapita njia nyingine: "Haya mama, tutaongea, wasalimie wote hapo," naye anajibu "haya mwanangu, umekula lakini?"