Anayepanda mlima kwa miguu naye ahesabiwe

Vijana wanaosomea uhandisi na mipango miji huniuliza kazi ya kusimamia usafiri wa jiji inataka nini. Hisabati, ndiyo, na taratibu pia: ujue barabara ipi ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ipi ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kwamba nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Hayo utayajua mapema. Kinachochukua miaka ni kumjua asiyeonekana kwenye takwimu ulizoletewa mezani.

Hapa Mwanza barabara kuu zinafuata mabonde na ukingo wa ziwa, na daladala zinapita humo humo. Watu wamejenga juu, katikati ya mawe ya Igogo na Mabatini. Ukisimama njiapanda kuhesabu vyombo, utaandika magari, bajaji na bodaboda. Mama aliyeshuka mlimani gizani kuwahi dagaa kwenye soko la Mwaloni Kirumba hayumo. Akirudi na mzigo kichwani, kipande cha kutoka kituoni hadi mlangoni kwake ndicho kinachommaliza, maana bodaboda ya kupanda huko inaweza kuzidi nauli aliyolipa kwenye daladala.

Ndiyo maana nazitetea barabara za mawe. Kwenye mteremko mkali kifusi hakidumu. Masika yakianza kinasombwa na kuziba mitaro ya bondeni. Mawe yaliyopangwa kwa mkono yakashindiliwa vizuri hustahimili, yanapatikana hapa hapa, na ujira wa kuyachonga unabaki mtaani. Ila mtaro utangulie. Maji yakinyimwa njia yatachukua barabara. Na pale gari lisipoweza kufika kabisa, ngazi za zege zenye vyuma vya kushikilia na taa za usiku ni miundombinu kamili, zinastahili fungu lake kwenye bajeti. Nikiletewa mchoro wa mtaa wa mlimani, swali langu la kwanza ni moja: mjamzito akishikwa na uchungu saa nane usiku, anashushwaje kufika hospitali?

Miradi mikubwa naiunga mkono kwa moyo wote. Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na adha ya kusubiri kivuko, wagonjwa wakiwa ndani ya magari, ikaisha. Lakini penye foleni ya kivuko hapakosi biashara: machungwa, karanga, samaki wa kukaanga. Magari yakianza kupita moja kwa moja, muuzaji anabaki na beseni lake. Huyo apangiwe tangu kwenye michoro: mabasi yatasimama wapi, kibanda chake kitakaa wapi, choo na maji atavipata wapi. Na mkutano wa kumsikiliza usiitishwe saa nne asubuhi, wakati yuko sokoni. Uitishwe jioni, huko huko anakofanyia biashara.